Kikohozi cha Simu ya Mama Mkubwa

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alifanya kazi ya kuwaunganisha watu kwa simu kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakupoteza simu hata moja. Habari hiyo alimpa kila aliyekaa karibu naye zaidi ya dakika tano, na sisi wa familia hatukuwa na pa kukimbilia. Alikuwa opereta wa kituo kikuu enzi zile ambapo mtu akitaka kuzungumza na mji mwingine ilibidi kwanza azungumze na dada aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu, naye amchomekee waya mahali panapostahili. Kituo kilifungwa siku walipoleta mashine inayofanya kazi ya wanawake arobaini bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mama Mkubwa alistaafu akiwa na cheti, saa ya ukutani, na imani thabiti kwamba simu zote duniani zilianza kuharibika wiki ileile aliyoondoka yeye.

Kazini walimwita Dakika Tatu. Simu za mbali wakati huo zilitolewa kwa dakika tatu tatu, na dakika ya tatu ilipokwisha yeye ndiye aliyeingia katikati ya maongezi na kusema, "Dakika tatu zimekwisha," halafu akachomoa waya. Wachumba aliwakata wakiwa bado hawajaagana. Waliokuwa wakipeana habari za msiba nao walilia kwa dakika tatu, wakajifuta. Hakuwa mkatili hata kidogo. Aliamini tu kwamba mtu anayeshindwa kusema jambo lake kwa dakika tatu hana jambo.

Nyumbani kwake simu ya mezani ilikuwa na meza yake, kitambaa chake na kiti chake, na juu ya kitambaa kulikuwa na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi ili asiibiwe na wageni, yaani mimi. Kila simu iliandikwa humo: saa iliyoingia, saa iliyokatika, nani, na kiini cha maongezi kwa neno moja. Nililichungulia siku moja. Mama yangu alikuwa ameandikwa "malalamiko" mara tisa kwa mwezi mmoja. Mimi, kila nilipoonekana, nilikuwa "visingizio."

Macho yake ndiyo yaliyokuwa yanamwangusha. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilishaziba kabisa, na la kushoto liliona watu kama nguo zilizoanikwa. Daftari lenyewe alikuwa akiliandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, akiwa ameliinamia mpaka pua inagusa karatasi. Hospitali ya macho ilimweka kwenye foleni ya upasuaji, na utaratibu wao ulikuwa umebandikwa ukutani, nikamsomea. Nafasi ikipatikana, wanapiga simu. Wasipompata mgonjwa, wanapiga siku nyingine. Wakimkosa mara tatu, jina linarudi mkiani mwa foleni, na foleni ilikuwa ya miezi kumi na minne. Daktari alishatuambia kwamba jicho la kushoto halina miezi kumi na minne. Karani akaomba namba mbili za simu. Mama Mkubwa akampa moja.

"Moja inatosha," akasema, "kama anayeipokea ana akili."

Mimi nilikuwa nimemnunulia simu ya mkononi. Ilikaa kabatini, ndani ya boksi lake, chini ya mashuka. Alisema simu isiyo na waya huwezi kujua imeunganishwa wapi, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu yote kuhusu zawadi hiyo. Nilinuna kidogo, lakini kwake kununa kwangu nako kungeandikwa "visingizio," kwa hiyo niliacha.

Wiki mbili baada ya kuandikishwa hospitali, mama yangu, ambaye ni mdogo wake kwa miaka sita, alipanda kigoda kutundika pazia, akashuka kwa njia ambayo kigoda hakikutengenezewa. Mguu ukafungwa plasta. Mama Mkubwa akatangaza kwamba anakwenda kumuuguza. Watu wengine wakienda kuuguza hufunga nguo kwanza. Yeye kwanza alihamisha simu. Aliketi kwenye kiti chake, akabonyeza nyota, mbili, moja, nyota, namba ya nyumbani kwa mama yangu, kisha alama ya reli, yote kwa kupapasa, bila kukosea. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba kuanzia sasa simu zake zote zitapokelewa kwenye namba hiyo.

"Umesikia?" akaniambia. "Hospitali wakinitafuta watanipata kulekule."

Nilisikia. Nilikuwa mlangoni nimeshika begi lake, nikiangalia saa kwa sababu kulikuwa na jokofu la mtu linanisubiri karakana. Mimi ni fundi majokofu. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba kuanzia siku ile nilikuwa na habari zote zilizohitajika, na sikuzitumia.

Uuguzi wenyewe ulikwenda vizuri kwa siku kumi na moja. Mama yangu naye ana simu ya mezani, aliyotafutiwa na dada yake zamani wakati wafanyakazi wa kituo wangeweza kuwaombea ndugu zao laini, na anaitumia kwa namna ambayo dada yake hakuikusudia. Mama yangu anapenda kupiga soga. Ana shoga yake waliyeshona naye kiwanda kimoja, na wakishikana kwenye simu hawaachani mpaka mmoja asikie harufu ya chakula kinachoungua. Mama Mkubwa alikaa pembeni siku zote hizo, saa mkononi, akipumua kwa nguvu. Siku ya kumi na mbili, shoga alikuwa ndiyo kwanza anafika mahali penyewe, kwamba mkwewe alipofungua mlango wa chumba alimkuta nani. Mama Mkubwa akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kukatia.

"Dakika tatu zimekwisha," akasema.

Mpaka leo mama yangu hajui nani alikuwa chumbani, maana shoga naye alisusa. Na siku ile, akiwa na mguu juu ya mto na hana jinsi ya kuinuka, alitumia silaha aliyokuwa nayo. "Ndiyo maana marehemu shemeji alikuwa anazungumza na redio," akasema. "Redio haikumkatia."

Neno lile lilikuwa baya. Hata mama yangu alijua ni baya, kwa sababu baadaye alinisimulia akiwa anaangalia ukuta. Mama Mkubwa akainuka. Halafu akafungasha.

"Sitakupigia," akasema akiwa mlangoni, "mpaka unipigie wewe, uniombe radhi."

"Utasubiri sana."

"Kusubiri kwenye laini ndiyo kazi niliyostaafu nayo."

Akaondoka. Kurudisha simu zake nyumbani kulihitaji vibonyezo vinne tu, reli, mbili, moja, reli, na aliyejua hilo vizuri kuliko wote alikuwa yeye. Lakini alifika kwake akiwa na hasira, akaketi kwenye kiti chake mbele ya simu, akaanza kungoja kuombwa radhi. Hasira haina nafasi ya kukumbuka vibonyezo.

Zikapita wiki saba. Hakuna aliyepiga. Wastaafu wenzake, waliokuwa wakimpigia kila Jumapili, walinyamaza. Hospitali ilinyamaza. Mdogo wake alinyamaza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, ingawa alidai kwamba ndilo lililomstarehesha zaidi. Simu ilifanya jambo moja tu: mara kadhaa kwa wiki ilitoa mlio mmoja mfupi, nusu ya mlio, kisha kimya. Mama Mkubwa alisema simu inakohoa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliandika kila kikohozi daftarini, tarehe na saa.

Aliponiita, alinipigia kwa simu hiyohiyo. "Njoo," akasema. "Simu inaumwa."

"Si unanipigia nayo?"

"Inatoka, haiingii. Njoo na vifaa."

Nilikwenda Jumamosi. Akanikabidhi mkono wa simu nisikilize. Badala ya ule mlio mmoja ulionyooka, ulikuwa ukikatikakatika sekunde chache za mwanzo, kisha unatulia. "Maji," akasema Mama Mkubwa, amefumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. "Kebo imeingia maji. Nimeusikia mlio huu miaka ishirini na tisa. Kila mvua zikinyesha, ubao mzima ulikuwa unalia hivi." Nikamkumbusha kwamba mvua haijanyesha miezi miwili. Akasema maji ya kebo hayana haraka.

Basi nikafanya yale ambayo fundi hufanya akiwa hajui anatafuta nini. Nilichomoa simu, nikaipuliza, nikaichomeka. Nilibadilisha waya. Nilifungua soketi ukutani, nikakuta mende aliyekufa zamani, nikamwonyesha Mama Mkubwa kwa matumaini, akasema mende mkavu haleti maji. Niliazima simu ya jirani, nikaichomeka mahali pa ile ya kwake, ikakatikakatika vilevile. Nikapima laini kwa mita: volti arobaini na nane, nzima kabisa. "Laini ni nzima," nikamwambia. "Wewe ni mtu wa majokofu," akanijibu, bila ubaya wowote, kama anayetaja kabila langu.

Mwisho nikaamua kumpigia kwa simu yangu ya mkononi tukiwa wote chumbani. Nikabonyeza jina. Simu ya mezani ikakohoa. Halafu sikioni mwangu akasema mama yangu: "Haloo?"

Nilikata. Kwenye simu yangu "Mama" na "Mama Mkubwa" wanafuatana, na dole gumba langu ni la mtu anayeshika spana. Nikajilaumu, nikabonyeza tena, polepole, nikihakikisha. Kikohozi. "Haloo?" akasema mama yangu. Nikaguna, akanitambua. "Mbona unapiga na kukata? Uko wapi?"

"Karakana," nikasema, nikiwa nimesimama mbele ya adui yake.

"Umegombana na mkeo?"

"Hapana, Mama."

"Basi acha kuchezea simu."

Nikamwambia Mama Mkubwa kwamba simu yangu nayo ina hitilafu. Hebu fikiria. Jibu lote lilikuwa limesema "haloo" sikioni mwangu mara mbili, kwa sauti ya aliyenizaa, na mimi nikalaumu dole gumba. Niliahidi kurudi na simu nyingine. Alinikatiza kwa kuinama na kuandika. Sikuhitaji kuchungulia kujua ameandika nini.

Kuna jambo jingine ambalo sina budi kulisema. Wiki ile ya ugomvi, kila mmoja wao alitaka kunituma kwa mwenzake. Mwambie huyu hivi, kamwambie yule vile. Nikachoka, nikawawekea sheria: mimi si posta. Nililisema kwa sauti kubwa katika nyumba zote mbili, na nilijiona mtu mzima sana. Sasa Jumatatu baada ya Jumamosi ile, nilipita kwa mama yangu jioni kumpelekea dawa. Alikuwa ameketi karibu na simu, na akaniangalia kwa namna ambayo sikuizoea.

"Naomba umwambie dada yangu..." akaanza.

"Mama," nikasema, "mimi si posta."

Akafunga mdomo. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa chai, nikaondoka nikiwa nimeridhika na msimamo wangu.

Mama Mkubwa hakunisubiri nirudi. Jumatatu hiyohiyo asubuhi alikuwa amepiga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, akapokelewa na mashine iliyomtaka abonyeze moja kwa hili na mbili kwa lile. Aliisikiliza mpaka mwisho, mara tatu, kisha alipompata binadamu alianza kwa kumweleza kwamba yule dada wa kwenye mashine anameza maneno na hatadumu kazini. Ndipo akataja hitilafu: kebo ina maji. Wakamwambia fundi atakuja Jumatano. Akaniamuru niwepo, nije nijifunze.

Fundi wa kampuni alikuwa mwanamke wa makamo, ngazi begani, miwani imefungwa kwa kamba. Alisalimia vizuri, akasikiliza historia ya miaka ishirini na tisa bila kumkatiza mtu mzima, akakubali kwamba maji kwenye kebo ni adui mkubwa. Halafu akainua mkono wa simu, akaweka sikioni. Sidhani kama zilifika sekunde mbili.

"Mama," akasema, "simu yako umeihamisha."

"Nini?"

"Simu zako zinapokelewa namba nyingine. Huu mlio wa kukatikakatika si maji. Hayo yalikuwa ya mitambo ya zamani. Siku hizi kituo ndicho kinakukumbusha, kila ukiinua mkono wa simu, kwamba kuna simu umezielekeza kwingine."

Mama Mkubwa aligeuza uso wake kuelekea sauti ilikotoka. Nilijitazama viatu. Nyota, mbili, moja, nyota. Begi lilinirudia mkononi, na saa niliyokuwa nikiiangalia.

"Na kikohozi?" akauliza, taratibu.

"Kile kimlio kifupi? Hicho pia ni ukumbusho. Kila kimoja ni simu iliyokuja kwako, ikapelekwa huko."

"Kila kimoja?"

"Kila kimoja, Mama."

Akapapasa mezani, akalichukua daftari, akanipa. "Nisomee vikohozi."

Nikasoma. Vilikuwa ishirini na nane. Vinane vilikuwa vya Jumapili mchana, saa za wastaafu wenzake. Viwili vya Jumamosi vilikuwa vyangu, pamoja na dole gumba langu lisilo na hatia. Vingine vilikuwa hapa na pale. Lakini kumi na kimoja vilikuwa saa kumi na mbili jioni au karibu na hapo, na saa hiyo katika familia yetu ni ya mtu mmoja tu: mama yangu hupiga simu zake baada ya kuoga. Mama Mkubwa alinisikiliza nikizitaja tarehe hizo moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu.

"Alinipigia," akasema. "Mara kumi na moja."

"Sasa mbona hakukupata wakati..." nikaanza, na fundi akanisaidia. Alisema ni rahisi. Mdogo wake akipiga namba hii, simu inageuzwa inarudi kwake, na kwake tayari laini inatumika, kwa sababu yeye mwenyewe ameishikilia anapiga. Atasikia mlio wa bize. Angepiga mwaka mzima angesikia bize.

"Na asubuhi?" Mama Mkubwa akauliza. "Saa nne. Kuna za saa nne?"

Ofisi ya hospitali hupiga simu saa nne asubuhi. Tulikuwa tumeambiwa hivyo siku ya kuandikishwa. Nilirudi nyuma kurasa tatu, nikaja mbele tena, nikitamani nimekosea.

"Zipo," nikasema. "Moja Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Moja Ijumaa. Na juzi, Jumatatu."

"Soma tena."

"Tatu, Mama Mkubwa."

Fundi wa kampuni hakuelewa tatu ina maana gani, lakini aliona uso wake, akavua miwani. Mama Mkubwa alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza. "Nimepoteza simu," akasema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayetoa taarifa kwa msimamizi wa zamu, na mimi nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni, kwa ajili ya begi, na dole gumba, na posta.

Tukabonyeza reli, mbili, moja, reli. Mashine ikasema simu zimerudi. Fundi akasaini karatasi yake, akaniachia namba yake, akaondoka kwa adabu bila kugonga ngazi mlangoni. Mama Mkubwa alibaki ameshika mkono wa simu kifuani. Halafu, yeye aliyeapa kwamba hatapiga, akapiga. Sikuhitaji kusogea karibu, maana sauti ya mama yangu ikishaingia kwenye waya inajaza chumba.

"Umemaliza maongezi yako leo?" mama yangu akasema. "Maana tangu mwezi uliopita unaongea tu. Kila nikipiga, bize. Unaongea na nani siku nzima?"

"Ulikuwa unajipigia mwenyewe."

Ikabidi aeleze. Alieleza vizuri, kwa hatua, kama anavyoeleza mtu wa kazi.

"Ndiyo maana," mama yangu akasema. "Juzi nilimwomba jirani akupigie kwa simu yake ya mkononi, hapa hapa sebuleni. Ya kwangu ikaanza kulia. Nikamwambia subiri nipokee kwanza. Nikapokea, nikasema haloo, na yeye akasema haloo. Tukakubaliana kwamba simu yake ni mbovu."

"Watu wangu walipokupigia, uliwaambia nini?"

"Nilidhani umewagawia namba yangu makusudi, unifanye karani wako. Niliwaambia hayupo."

"Na hospitali?"

Mama yangu akakohoa. "Mara mbili niliwaambia hayupo, na hajawahi kuwepo."

Mama Mkubwa alifumba macho. Mimi nilikaa chini, kwenye kiti cha wageni ambacho hakuna mgeni anayepewa.

"Juzi wakapiga tena," mama yangu akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Yule muuguzi akasema hii ni mara ya tatu, sasa tunaliondoa jina. Nikamwambia asiliondoe. Akasema lazima azungumze na mgonjwa mwenyewe. Nikamwambia ndiye mimi."

"Ulisema nini?"

"Ndiye mimi. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, nikataja. Akauliza dawa unazotumia, nikataja."

"Ya presha?"

"Na ile unayonificha pia. Ni kesho, saa moja asubuhi. Usile kitu, usinywe chai. Wanaanza na jicho la kulia. Lazima uwe na mtu wa kukusindikiza, nikawaambia utakuja na mdogo wako. Nimekupigia tangu juzi nikuambie, bize. Nikamtuma mwanao, akaniambia yeye si posta. Leo mchana nilikuwa naita gari nije mwenyewe, plasta na yote."

Mama Mkubwa aligeuka kunitazama kwa jicho lile lisiloona na lile linaloona kidogo. Nilitamani yote mawili yawe yameziba. Alirudi kwenye simu.

"Zile za jioni," akamuuliza mdogo wake, "kumi na moja. Ulikuwa unapiga kuomba radhi?"

"Za mwanzo nilikuwa napiga kukutukana, kuhusu namba."

"Halafu?"

"Halafu lile neno la redio," mama yangu akasema. "Halikuwa neno la kusema."

"Lilikuwa la kweli."

"Hata hivyo."

Baada ya hapo waliongea dakika ishirini na sita. Nilihesabu mimi, kwa kuwa mwenye kuhesabu hakuwa akiangalia saa.

Kesho yake niliwachukua wote wawili. Mmoja alikuwa haoni vizuri na mwingine anatembelea magongo, na walibishana njia nzima kuhusu nani amshike nani wakati wa kushuka. Hospitali tulikaa kwenye benchi refu la mbao kwenye korido iliyopigwa deki muda si mrefu. Mama Mkubwa alikuwa amevaa gauni lake la kustaafu. Mama yangu alikuwa ameshika mkoba wenye karatasi. Walikuwa wamekaa wamegusana mabega na kila mmoja anajifanya hajui.

Muuguzi akatoka na faili, akaita jina la Mama Mkubwa. Wakataka kuinuka wote wawili. Mama yangu ndiye aliyejirudisha chini, akashughulika na gongo lake. Muuguzi alikuwa dada mchangamfu, mwenye sauti ya mtu anayeshinda kwenye simu. Akamwangalia Mama Mkubwa kwa upole.

"Ni wewe tuliyezungumza Jumatatu, Mama?" akauliza. "Uliyelia?"

Habari za kulia hatukuwa tumeambiwa. Mama yangu alikuwa ameinamia gongo lake kama linahitaji kukazwa.

"Nilimweleza daktari," muuguzi akaendelea. "Nikamwambia yule mama alilia mpaka nikashindwa kufuta jina. Ulikuwa unasema una mdogo wako, kwamba usipoona tena, atabaki na nani. Nikasema huyu tumpe nafasi."

Mama Mkubwa hakuwa amelia mbele ya mtu tangu nimjue. Mumewe alipofariki, tuliolia ni sisi. Yeye alipokea simu za rambirambi na kuziandika. Sasa alisimama katikati ya korido ile, mkono umeshika ukingo wa benchi, uso umeelekea mahali mdogo wake alipokaa, ingawa najua hakumwona ila kivuli chake.

"Ndiyo," akasema. "Ndiye mimi niliyelia."

"Bado unaogopa, Mama?"

"Naogopa sana," akasema Mama Mkubwa, akamwachia mdogo wake saa yake ya mkononi amshikie, akaingia ndani.